Nani anastahili bahasha ipi: zawadi na wachezaji wenye vyeo kwenye mashindano ya sataranji

Bahasha ilikuwa na shilingi 80,000, na juu yake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Mchezaji bora chini ya 1900". Ilikuwa Jumapili jioni kwenye ukumbi wa kukodi Kirumba, Mwanza, raundi ya sita imekwisha, watoto wa shule wameanza kukusanya kete. Msimamo ulionyesha kuwa bahasha ni ya mgeni wetu kutoka ng'ambo ya ziwa, kaka mmoja mpole aliyefika kwa basi la usiku, retingi yake, yaani namba ya kiwango chake cha uchezaji, 1870, na kando ya jina lake herufi mbili za cheo: CM. Nilipomtaja, ukumbi ukavuma. "Mama Kulwa, huyo ana cheo! Mwenye cheo anachukuaje zawadi ya wadogo?" Nikasita. Nikamtazama kijana wa Igoma aliyemfuata kwenye msimamo, nikawatazama wazazi waliosimama mlangoni, nikampa kijana.

Mgeni hakupiga kelele. Alifungua simu akanionyesha tangazo nililolitunga mwenyewe, mstari kwa mstari. Hapakuwa na neno hata moja linalomzuia mwenye cheo. "Sawa, dada," akasema, "ila siku nyingine liandikwe mapema." Akachukua begi lake akaenda stendi ya Nyegezi. Wiki iliyofuata nilimtumia fedha yake kutoka mfukoni mwangu, pamoja na ya kutolea. Hajarudi tena kucheza Mwanza, na simlaumu.

Siku za kazi mimi ni karani wa mizani Mwaloni, soko la dagaa. Mwisho wa wiki ni mwamuzi na mwandaaji wa mashindano. Tangu siku ile tangazo langu limekua kutoka nusu ukurasa hadi kurasa mbili, na karibu kila mstari ulioongezeka unajibu swali moja: nani anaruhusiwa kuchukua nini. Nawaandikia waandaaji wenzangu wa Musoma, Bukoba, Geita, Sengerema na Ukerewe, pamoja na wachezaji wanaolipa kiingilio bila kusoma wanachokilipia.

Cheo ni kimoja, retingi ni nyingine

Ugomvi mwingi wa zawadi unaanzia hapa. Retingi ni namba inayopanda na kushuka. Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, huitoa upya tarehe 1 ya kila mwezi, na kila mchezaji anaweza kuwa na namba tatu tofauti: ya mchezo mrefu, ya rapidi, yaani mchezo wa haraka, na ya blitzi, wa haraka zaidi. Cheo ni heshima ya maisha. Ukishakipata, hata uache kucheza miaka kumi ukavue sangara, ukirudi bado ni chako.

Vyeo vya wote ni vinne, kutoka juu kwenda chini: Grandimasta au GM, Masta wa Kimataifa au IM, Masta wa FIDE au FM, na Kandideti Masta au CM. Kwa njia ya kawaida GM anatakiwa awe amewahi kufika 2500 na IM 2400, tena wote wawili wawe na nomu, yaani matokeo ya kiwango cha cheo hicho kwenye mashindano yanayotambuliwa. FM anahitaji 2300 na CM 2200, bila nomu. Wanawake wana ngazi yao ya ziada, WGM, WIM, WFM na WCM, yenye namba 2300, 2200, 2100 na 2000. Mwanamke pia anaweza kuchukua vyeo vya wote akifikia masharti yake.

Kama njia zingeishia hapo, kazi yangu ingekuwa rahisi: ukisikia CM, unajua mtu huyu aliwahi kufika 2200. Lakini ipo njia ya pili, na Afrika wengi wamepita huko: cheo kinachotolewa moja kwa moja kwa matokeo mazuri kwenye mashindano ya kanda, ya bara au kwenye Olimpiadi ya sataranji. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alipata WCM baada ya Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012, na retingi yake wakati ule ilikuwa mbali chini ya 2000. Kenny Solomon wa Afrika Kusini akawa Grandimasta kwa kushinda ubingwa wa Afrika Windhoek mwaka 2014 bila kufika 2500. Vyeo hivi ni halali kabisa, na wenyewe waliviokota ubaoni. Nawataja ili mwandaaji asije akadhani herufi zinamwambia namba. Hazimwambii. Mgeni wangu mwenye 1870 na CM hakuwa amedanganya mtu yeyote.

Kwa hiyo "chini ya 1900" ni kundi moja na "asiye na cheo" ni kundi lingine. Yanaingiliana lakini hayafanani. Tangazo linalotaja moja likimaanisha jingine litakuumbua mbele ya watu, kama lilivyoniumbua mimi.

Zipo herufi nyingine zinazochanganya. AGM, AIM, AFM na ACM ni vyeo vya kucheza mtandaoni kwenye uwanja wa FIDE wa intaneti. Mimi sivihesabu kama vyeo kwenye masuala ya zawadi, na nimeandika hivyo. Vyeo vya kitaifa vinavyotolewa na chama cha nchi sivihesabu pia. Mtu mwenye nomu mbili za IM lakini hajaidhinishwa hana cheo hicho bado. Kipimo changu ni kimoja: ukurasa wa mchezaji kwenye tovuti ya retingi ya FIDE unasema nini saa usajili unapofungwa.

Chagua unamlinda nani, kisha uandike

Hapa hakuna kanuni ya dunia nzima inayokubana. FIDE inataka tangazo lieleze mapema zawadi ni zipi na zitagawanywa vipi. Ni nani aruhusiwe kugombea bahasha ya chini ni uamuzi wa mwandaaji. Kuna waandaaji wanaomwachia mwenye cheo bahasha zote ambazo namba yake inamruhusu. Ni haki, kwa sababu ubao haujui cheo. Kuna wanaomfungia kila kitu isipokuwa nafasi tatu za juu. Nayo ni haki, ilimradi aijue kabla hajakata tiketi ya basi.

Nieleze nilivyochagua mimi na sababu yake. Bahasha za juu ziko wazi kwa kila mtu, mwenyeji na mgeni, mwenye cheo na asiye nacho. Wapo wenzetu wanaotaka nafasi ya kwanza iwe ya mkazi wa Mwanza pekee ili fedha isivuke ziwa. Napinga, na nitaendelea kupinga. Kijana wa Nyakato anayekutana na FM raundi ya pili anajifunza siku ile kuliko kwenye mechi ishirini za kufungana na jirani yake, na FM hawezi kuja kugombea bahasha ya pili.

Bahasha za makundi ya retingi nimezifunga kwa wenye vyeo. Zawadi ya "chini ya 1900" niliiweka ili mwanafunzi wa Magu arudi tena mwakani, na ili mwalimu wa Sengerema aone kuna kitu cha kupigania hata baada ya kupoteza raundi mbili za mwanzo. Mwenye cheo nimemfidia kwa njia nyingine: GM, IM, FM na wenzao wa vyeo vya wanawake hawalipi kiingilio, CM na WCM wanalipa nusu. Kwenye baadhi ya mashindano makubwa ya wazi Marekani, Grandimasta anaingia bure lakini kiingilio kinakatwa kwenye zawadi akishinda. Sisi hatukati. Kiingilio chetu ni shilingi 20,000, na kumkata mtu 20,000 baada ya kumpigia makofi si ustaarabu.

Kama unamlipia mgeni nauli au chumba, hiyo ni takrima ya mwaliko; iweke kwenye hesabu yake na uitangaze. Usiichanganye na mfuko wa zawadi hata siku moja. Wachezaji waliotoa kiingilio wana haki ya kujua fedha yao imekwenda wapi.

Bahasha ya mwanamke bora nimeiacha wazi kwa wenye vyeo. Wasichana wanaocheza kanda yetu ni wachache, na nataka WFM kutoka Kampala au Nairobi akija aone kuna bahasha inayomngoja. Niliulizwa kama WCM mwenye 1700 anaweza kugombea bahasha ya "bora asiye na cheo". Jibu langu ni hapana, kwa kuwa WCM ni cheo. Uamuzi huu unawaumiza baadhi ya dada, nao wamenieleza bila kuficha. Ndiyo maana bahasha ya mwanamke bora niliipandisha kutoka 60,000 hadi 100,000.

Anayebaki kuumia ni mwenye cheo cha zamani, aliyekipata kijana na sasa namba imeshuka hadi 1750. Juu hafiki, chini hatumruhusu. Kwa ajili yake tuna bahasha ya waliotimiza miaka 50, umri ambao FIDE inauhesabu kuwa mwanzo wa wazee kwenye sataranji, na hiyo haiangalii cheo.

Namba ipi, ya tarehe ipi

Andika orodha utakayotumia. "Retingi ya FIDE" peke yake haitoshi, kwa sababu zipo tatu. Mashindano yetu ni dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. FIDE hupima muda kwa kuhesabu hatua 60: sekunde 10 mara 60 ni dakika 10, ongeza 15, zinakuwa dakika 25 kwa kila mchezaji. Hiyo ni rapidi, kwa kuwa inazidi 10 na haifiki 60. Ungedhani basi natumia retingi ya rapidi. Nilitumia, na nikakuta mtu mwenye 2010 kwenye mchezo mrefu anashindania bahasha ya chini ya 1700 kwa sababu rapidi alicheza kidogo tu na vibaya. Siku hizi natumia namba iliyo juu kuliko zote kati ya tatu, kwa orodha ya tarehe 1 ya mwezi wa mashindano.

Nimeongeza neno moja zaidi: "au aliyoifikia wakati wowote ndani ya miezi 12 iliyopita". Historia ya kila mchezaji ipo wazi kwenye ukurasa wake wa FIDE, mwezi kwa mwezi, kwa hiyo si kazi kubwa kuikagua. Hili linafunga mlango kwa anayejishusha makusudi ili aingie kundi la chini.

Kuna jambo la mwaka 2024 ambalo bado linawatesa waandaaji wanaonakili matangazo ya zamani. Tarehe 1 Machi 2024 FIDE ilipandisha sakafu ya retingi, yaani namba ya chini kabisa, kutoka 1000 hadi 1400, na kila aliyekuwa chini ya 2000 akaongezewa asilimia 40 ya pengo lililombakiza kufika 2000. Aliyekuwa 1200 akawa 1520. Wa 1500 akawa 1700. Wa 1900 akawa 1940 tu. Sasa chukua bango la mwaka 2022 lenye bahasha ya "chini ya 1600". Mchezaji aliyekuwa 1350 siku zile, ambaye ndiye bahasha ilikusudiwa, anasoma 1610 na ametolewa nje bila kujifunza hata ufunguzi mmoja mpya. Na bahasha ya "chini ya 1400" siku hizi haina mwenyewe kabisa, maana anayeshuka chini ya hapo anaondoka kwenye orodha na kuhesabiwa asiye na retingi. Panga makundi yako upya kwa kutazama waliosajiliwa. Mimi nilihamia 1900 na 1700.

Wasio na retingi wapewe bahasha yao peke yao. Usiwaingize "chini ya 1700" kwa hoja kwamba hawana namba kwa hiyo wako chini. Vijana wa chuo Malimbe wanacheza mtandaoni usiku kucha. Mtu anaweza kuja hana namba hata moja ya FIDE akamfunga CM raundi ya kwanza. Hao nawaruhusu kugombea nafasi tatu za juu, bahasha ya asiye na cheo na bahasha ya wasio na retingi. Makundi ya namba ni ya wenye namba.

Kwa watoto, fuata hesabu ya FIDE: wa chini ya 18 ni yule ambaye hakuwa ametimiza 18 kabla ya Januari 1 ya mwaka huo. Kwa hesabu hiyo aliyetimiza mwezi Machi bado ni mtoto hadi Desemba, na mzazi mwenye cheti cha kuzaliwa atakushukuru kwa kumwambia mapema.

Maneno unayoweza kuyanakili

Haya ndiyo yaliyo kwenye tangazo langu sasa. Badilisha namba, lakini usipunguze mistari.

"Cheo maana yake ni cheo cha FIDE cha mchezo wa ubaoni (GM, IM, FM, CM, WGM, WIM, WFM, WCM) kinachoonekana kwenye ukurasa wa mchezaji wakati usajili unapofungwa. Vyeo vya mtandaoni na vya kitaifa havihesabiwi.

Retingi ya kugawia zawadi ni ile ya juu kuliko zote kati ya mchezo mrefu, rapidi na blitzi, kwa orodha ya tarehe 1 ya mwezi wa mashindano au kwa orodha yoyote ya miezi 12 iliyotangulia.

Nafasi ya 1 hadi ya 3 ziko wazi kwa wote. Bahasha za chini ya 1900 na chini ya 1700 ni za wasio na cheo wenye retingi. Bahasha za mwanamke bora, za miaka 50 na kuendelea, na za chini ya miaka 18 haziangalii cheo.

Mchezaji mmoja atapokea zawadi moja ya fedha, ile yenye thamani kubwa kuliko zote anazostahili. Bahasha anayoiacha inakwenda kwa anayemfuata mwenye sifa.

Anayejitoa bila ruhusa ya mwamuzi kabla ya raundi ya mwisho hapokei zawadi."

Jedwali la ukutani

Kama utachukua jambo moja tu kutoka kwangu, chukua hili. Kabla ya raundi ya kwanza nabandika ukutani karatasi yenye jina la kila mchezaji, namba yake ya utambulisho ya FIDE, cheo, retingi ya kugawia zawadi, na alama ya vema kwenye kila bahasha anayoruhusiwa kugombea. Natangaza kwa sauti: mwenye pingamizi aje sasa, dakika ishirini. Wakati huo hakuna anayejua nani atashinda, kwa hiyo watu wanasema ukweli. Jioni, bahasha zikiwa mezani, ukweli huohuo unakuwa mgumu kutoka.

Kagua kwa namba hiyo ya utambulisho, usikague kwa jina. Majina yetu ya Kisukuma yanapata shida kwenye kompyuta: Ng'w inaandikwa Ngw, au herufi ya juu inapotea, au jina la ukoo linawekwa mbele. Niliwahi kumtafuta kijana kwa jina nikamkosa, nikamweka kwa wasio na retingi, kumbe alikuwa na 1780 kwa tahajia nyingine. Mwenzake wa darasa ndiye aliyelisoma jedwali akaja kuniambia kwa adabu, "Shikamoo mama, huyu ana namba." Tulirekebisha kabla saa hazijaanza kutembea, na kijana mwenyewe alikubali.

Usajili naufunga Ijumaa saa mbili usiku ili nipate muda wa kazi hii. Ikifika saa nne za Jumamosi asubuhi na bado unaandikisha watu, jedwali halitakuwepo na utarudi kwenye kubahatisha.

Kugawa bila kuteleza

Mfuko wetu wa mwisho ulikuwa hivi: nafasi ya kwanza 400,000, ya pili 250,000, ya tatu 150,000, bora asiye na cheo 120,000, mwanamke bora 100,000, chini ya 1900 shilingi 80,000, chini ya 18 shilingi 60,000, wasio na retingi 50,000. Jumla 1,210,000. Bahasha za 1700 na za wazee zilikuwa za vifaa, saa ya mchezo na ubao, kwa hisani ya muuza nyavu mmoja anayetupenda.

Panga bahasha kutoka yenye fedha nyingi kushuka. Kwa kila moja, tafuta aliye juu zaidi kwenye msimamo ambaye ana alama ya vema kwenye jedwali na hajapokea kitu. Mpe. Nenda inayofuata.

Tuseme msichana wa kidato cha tatu, asiye na cheo, amemaliza wa tatu. Anastahili nafasi ya tatu, bora asiye na cheo, mwanamke bora na chini ya 18. Atachukua 150,000, na zile tatu zinashuka kwa wenzake. Baba yake atakuja kukuuliza kwa nini binti amepunjwa 280,000. Mkalishe, mweleze kwamba hakuna senti iliyobaki kwenye mfuko wa mwandaaji, na mwonyeshe mstari wa zawadi moja kwa mtu mmoja. Nimewahi kukaa na mzazi wa namna hiyo nusu saa nzima, na haikuwa nusu saa ya kupoteza. Kwenye mashindano yaliyofuata alileta watoto wengine wawili wa jirani.

Kulingana pointi ndiko kunakohitaji kalamu. Njia zinazotumika sana ni tatu. Unaweza kugawa sawa kwa sawa. Unaweza kutumia kivunja sare peke yake, kwa mfano Buchholz, ambayo inajumlisha pointi za wapinzani wako ili kuona nani alipita njia ngumu. Au unatumia mfumo wa Hort, uliopewa jina la Grandimasta Vlastimil Hort: nusu ya kila zawadi inafuata nafasi baada ya kivunja sare, na nusu nyingine za wote waliolingana zinakusanywa na kugawanywa sawa.

Chukua watatu wamelingana kileleni kwa pointi tano. Zawadi zao tatu ni 800,000. Wakigawana sawa, kila mmoja ana 266,666. Kwa Hort, nusu za nafasi ni 200,000, 125,000 na 75,000, na chungu cha pamoja ni 400,000, kila mmoja 133,333. Wa kwanza anaondoka na 333,333, wa pili 258,333, wa tatu 208,333. Mimi nimechagua Hort kwa nafasi tatu za juu. Wachezaji wenye vyeo hukutana wao kwa wao raundi za mwisho, na wakijua fedha itagawanywa sawa kabisa, kishawishi cha kupeana sare ya hatua kumi kinakuwa kikubwa. Hort inabakiza kitu cha kupigania bila kumnyang'anya aliyelingana pointi. Kwa bahasha za makundi sigawi kabisa, natumia kivunja sare tu. Kugawa 60,000 kwa watoto wanne ni kumpa kila mmoja nauli.

Kuna kesi moja inayowapoteza wengi: anayelingana kwenye nafasi ya juu akiwa na bahasha nyingine kubwa pembeni. Tuseme wanne wamelingana, na kwao imebaki nafasi ya tatu tu, na tangazo lako linasema sawa kwa sawa. Fungu la kila mmoja ni 37,500. Mmoja wao ni dada mwenye WCM anayestahili mwanamke bora, 100,000. Wengine hawana bahasha nyingine. Usimpe 37,500 kwa sababu "nafasi ya tatu ni heshima zaidi". Kanuni inasema thamani kubwa. Anachukua 100,000, anatoka kwenye mgawo, na wale watatu wanapata 50,000 kila mmoja. Kila mmoja wa wanne amefaidika.

Ukimaliza, usitangaze washindi papo hapo. Bandika rasimu karibu na jedwali la asubuhi, ngoja robo saa. Ukiwa na kamati ya rufaa ya watu watatu kutoka klabu tofauti, wakae karibu. Mdhamini akikunong'oneza kwamba angependa kumpa bahasha fulani kijana fulani, mshukuru kwa moyo wake na mwombe aongeze bahasha mpya mashindano yajayo, kwa tangazo.

Zamani nilikuwa na sharti la lazima uwepo kwenye kufunga ndipo upewe zawadi. Nililiondoa. Wachezaji wa Ukerewe wanaangalia saa ya meli, na mtu aliyecheza mechi sita hawezi kuchagua kati ya fedha yake na kulala bandarini. Wao wanasaini fomu kabla ya raundi ya mwisho, wanaacha namba ya simu, na jioni ileile natuma kiasi kamili na ya kutolea juu yake. Fomu naiambatanisha nyuma ya jedwali, na ujumbe wa muamala nauandika kwa mkono mbele ya jina, ili mwakani mwamuzi mwingine akikalia kiti changu aone kila bahasha ilikwenda kwa nani na kwa mstari upi wa tangazo.